Mtumbwi, Mfereji na Mwezi wa Ramadhani

Kila mwaka siku za Pasaka hufanyika mashindano ya kupiga kafi kutoka mji wa Devizes, upande wa magharibi wa Uingereza, hadi daraja la Westminster katikati ya London. Masafa yake ni maili 125, sawa na kilomita 201, na njiani ziko sehemu 77 ambapo chombo hutolewa majini, kikabebwa begani, kisha kikatiwa tena upande wa pili. Mwaka huu wa 2025 Pasaka imeangukia tarehe 20 Aprili, ambayo kwa hesabu yetu ni mwezi ishirini na kitu wa Mfungo Mosi. Tunamwomba msomaji aishike tarehe hiyo ya mwezi, kwani tutairudia.

Sisi ni ndugu wawili, wazaliwa wa Mombasa, tulioletwa na riziki katika mji wa Reading, pale Mto Kennet unapojimwaga katika Mto Thames. Jamaa zetu wa nyumbani wametuuliza mara nyingi kwa simu ni jambo gani linalotutoa vitandani na kututia majini katika nchi ya baridi. Tumeona ni vyema tuwajibu kwa kalamu, na wengine nao wapate kusoma.

Mashindano haya yalianza kwa ubishi. Pasaka ya mwaka 1948 vijana wa skauti wa Devizes walitakiwa waende kwa maji mpaka Westminster kwa muda usiozidi saa 100, wakichukua chakula chao wenyewe, na wakaweza. Leo wako wanaokwenda kwa siku nne, wakilala njiani, na wako wanaokwenda mfululizo, mchana na usiku bila ya kulala. Waliowahi kuliko wote katika safari hiyo ya mfululizo walitumia saa 15 na dakika 34, na rekodi hiyo ni ya mwaka 1979. Sisi tumejiandikisha katika safari ya mfululizo, na hatuna azma yoyote ya kumsumbua mwenye rekodi.

Washindani wengi hutumia kayaki, chombo chembamba kilichofunikwa juu, na kafi lenye bapa pande zote mbili. Sisi tumechagua mtumbwi wazi, ule ambao umbo lake lilibuniwa na wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakiuunda kwa magome ya miti. Wetu haukuchongwa kwa mwembe kama ya Tudor na Mtwapa, bali ni wa plastiki, urefu wake mita 5 na kidogo, na kila mmoja ana kafi la bapa moja. Wa omo ndiye mwenye kuweka mwendo. Wa tezi ndiye mwenye kuongoza, naye kila pigo lazima alimalizie kwa kuligeuza kafi nje kidogo, la sivyo chombo hukimbilia ukingoni. Baada ya mapigo kumi au kumi na mawili mmoja husema "Haya!" na sote tukabadili upande. Kwa mapigo 60 kwa dakika, saa moja ni mapigo 3,600. Hesabu ya safari nzima tuliifanya mara moja tu, tukaona haina faida kuikumbuka.

Kazi kubwa ya mazoezi, hata hivyo, haimo majini. Imo katika zile sehemu 77. Nyingi ni malango ya maji: chumba cha mawe chenye milango mizito pande mbili, ambacho hujazwa au hupunguzwa maji ili mashua ipande au ishuke kama mtu apandaye ngazi. Mshindani hana ruhusa ya kungoja chumba kijae. Husogea ukingoni, huruka, hunyanyua mtumbwi, hukimbia nao kwenye matope na kuutia tena mbele. Ukitumia dakika tatu kila mahali, umetumia takriban saa nne kwa kutembea tu. Ukiokoa dakika moja kila lango, umeokoa dakika 77. Kwa hiyo Januari nzima tulikuwa tukifanya zoezi la kushuka na kupanda katika lango moja lililo karibu na nyumbani, mpaka mabega yakaota sugu, na wapita njia wakadhani tumepoteza kitu.

Mfereji wenyewe unaitwa Kennet na Avon. Ulifunguliwa mwaka 1810 kuunganisha Bristol na London, mashua zake zikivutwa na farasi waliotembea kandokando, na njia ile ya farasi ndiyo ipitwayo leo na watu na baiskeli. Reli ilipokuja biashara ilihama, mfereji ukaachwa, milango ikaoza, maji yakakauka sehemu nyingi. Watu wa kujitolea waliufukua na kuutengeneza kwa miaka mingi, hata ukafunguliwa tena mwaka 1990. Tulipoyasikia hayo tulikumbuka visima vya misikiti ya kwetu vilivyofukiwa kwa kifusi, na hatukusema kitu.

Kutoka Devizes maji ni tambarare kwa maili 15 bila ya lango hata moja. Mfereji umefuata kiuno cha vilima, ukipinda kila kilima kinapopinda. Kushoto, juu ya mteremko wa Alton Barnes, yuko farasi mweupe mkubwa aliyechorwa mwaka 1812 kwa kuondolewa majani mpaka chokaa ya ardhi ikadhihiri. Farasi yule huonekana muda mrefu mno. Umpige kafi nusu saa, bado yuko. Mbele zaidi, baada ya lango la kwanza la Wootton Rivers, uko ushoroba wa chini ya ardhi wa mita 459, na baada yake Crofton, kwenye mtambo wa mvuke wa mwaka 1812 uliowekwa kuyapandisha maji mpaka sehemu ya juu kabisa ya mfereji. Mtambo huo bado hufanya kazi siku unapowashwa. Hapo ndipo malango yanapoanza kufuatana, na mazungumzo mtumbwini hukoma.

Sasa tuingie katika lililokuwa zito kwetu. Makali ya mazoezi ni Februari na Machi, na mwaka huu Ramadhani iliandama kwa mwanzo wa Machi. Mwezi wa Machi huku mchana na usiku hukaribia kulingana, kama kwetu pwani siku zote, kwa hiyo urefu wa saumu haukututisha. Kilichotutisha ni baridi. Mwili uliofunga hauna kuni za kutosha, na maji ya mfereji wakati huo yaweza kumlegeza mtu mikono kwa dakika chache. Kabla ya mwezi kuandama tulijipindua kwa makusudi mara tatu karibu na ukingo, tumevaa majaketi ya kuelea, ili tujue tutachukua muda gani kutoka na kuufua maji mtumbwi. Pumzi hukatika. Maneno hayatoki. Aliye nyumbani akidhani maji ni maji tu, huyu hajaingia haya.

Tulimwuliza shekhe mmoja hapa mjini. Alitueleza kwa upole kwamba mazoezi ya hiari si udhuru wa kula mchana wa Ramadhani, na kwamba mtu akihofia nafsi yake kwa kweli, basi hufungua na kuilipa, lakini asijipeleke mwenyewe penye hofu hiyo kisha akaitafutia ruhusa. Hapo tukapanga upya. Saa moja kabla ya magharibi tulikuwa tukipiga kafi polepole, kwa ajili ya mtindo tu, karibu na ukingo. Baada ya tarawehe, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 6, ndipo tulipojikaza. Tulikubaliana pia kuwa yeyote kati yetu akisema "basi", tunageuza omo na hakuna swali.

Mpango huo ulituletea manufaa ambayo hatukuyatarajia. Safari ya mfululizo hupita usiku mzima, na washindani wengi usiku huwakuta wageni. Sisi tuliuzoea. Tulijifunza kuzima taa za kichwani na kuyaacha macho yazoee giza, kwani taa huonyesha ukungu tu. Tulijifunza kusikiliza: pale mto unapokutana na mfereji kuna vizingiti ambapo maji ya ziada huporomoka, na mvumo wake ndio unaokuonya ukae upande wa pili kabla hujavutwa. Bata mzinga wa majini, hawa weupe wenye shingo ndefu, hulala katikati ya njia na hukasirika wakiamshwa. Moshi wa kuni hutoka katika mashua nyembamba ambazo watu wamezifanya nyumba, na harufu yake, tumbo likiwa limeshiba futari, ni nzuri kweli.

Katika mojawapo ya mashua hizo alikuwako mzee aliyetuona kila jioni. Siku ya nne alituuliza kwa nini twakaa ukingoni tumeshika tende bila ya kuzila. Tukamweleza. Kuanzia hapo kila tulipofika alikuwa amesimama mlangoni pake na saa mkononi, naye hutuhesabia: "Dakika mbili bado." Jioni moja ya mvua alikuwa ameteleka birika mapema, chai ikawa tayari kwa dakika ile ile. Hakuwahi kutuuliza zaidi ya hapo, wala sisi hatukumweleza zaidi.

Kumi la mwisho lilipokaribia tulitofautiana. Mdogo wetu aliona kuwa saa moja kila jioni haitadhuru ibada, na kwamba mwezi mmoja kabla ya mashindano ndio wakati ambao hakuna mtu mwenye akili aachaye mazoezi. Mkubwa aliona usiku hauna nafasi ya mambo mawili. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na tulizungumza siku mbili bila ya kuafikiana. Ijumaa tulimpigia mama simu Mombasa, tukamweleza kila mmoja upande wake. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hayo mashindano hata mwakani yapo. Hilo kumi, nani kawaambia mtalikuta?" Tukaupindua mtumbwi nyuma ya nyumba, tukaufunika turubai, na hatukuugusa mpaka sikukuu ikapita.

Gharama yake ilionekana. Jumamosi ya tarehe 5 Aprili tulitoka Devizes hadi Newbury, kilomita 55, tukiwa na wake zetu na watoto wakitufuata kwa gari kutoka daraja hadi daraja. Walitupa uji wa mchele mzito, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na mahamri yaliyokatwa vipande vidogo, kwa sababu mdomo wa mtu aliyechoka hautafuni kipande kikubwa. Ngozi ya viganja iliyokuwa imekomaa Februari ilikuwa imelainika, ikachubuka kabla ya Hungerford. Tulifika kwa saa 7 na dakika 20. Kwa mwendo huo safari nzima itatuchukua kama saa 27, tukikadiria kuwa mkondo wa Thames utatulipa kile ambacho usingizi utatunyang'anya.

Na hapa ndipo ile tarehe ya mwezi inaporudi. Thames huanza kupwa na kujaa kuanzia Teddington kwenda chini, na kutoka hapo hadi Westminster ni maili 17. Chombo kinachofika maji yanapoanza kupwa huchukuliwa. Kinachochelewa hukuta maji yakijaa usoni, na nguvu za mikono miwili miwili hazishindani na bahari. Kila mshindani hufanya hesabu kwa kurudi nyuma, kutoka maji ya Teddington hadi saa ya kuondoka Devizes. Wenzetu walifungua majedwali. Sisi tulitazama kalenda ya nyumbani tukajua, kama ajuavyo mvuvi yeyote wa Kilifi au Lamu, kwamba mwezi ishirini na moja si bamvua, ni maji mafu. Kupwa kutakuwako, lakini kudhaifu. Jedwali lilipofunguliwa halikusema kinyume.

Maana yake ni kwamba hatuwezi kuutegemea mkondo wa mwisho utufidie zile siku kumi. Tumeazimia kuondoka saa 2 asubuhi, tukifuata mwendo wetu bila ya kukimbizana na mtu, ili tuwe Teddington asubuhi ya Jumapili. Adhuhuri na alasiri tutazijumuisha, maana siku hiyo sisi ni wasafiri kwa kila hali. Magharibi, Mwenyezi Mungu akijaalia, itatukuta Reading, mjini kwetu, pale mito miwili inapokutana. Alfajiri itakuwa chini kidogo ya Windsor.

Wake zetu wamekwisha kwenda kuangalia mahali penye nyasi kavu pa kutandika mkeka. Mtoto mkubwa amepewa kazi ya kibla, ambacho huku kiko kusini mashariki, na amekwisha kupima mara mbili. Suala la viatu vyetu vya mpira vilivyorowa, vivuliwe au vipanguswe, bado linajadiliwa nyumbani.