Chumba Kimoja Kwanza: Safari Yangu ya Kutafuta Nyumba Dodoma

Niliondoka Dar es Salaam na sharti moja kichwani: sinunui nyumba ambayo mimi mwenyewe siwezi kulala ndani yake. Barua ya uhamisho ilikuwa inanipeleka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na badala ya kwenda kumlipa mtu kodi ya miezi sita kwa mpigo, nilitaka nyumba ambayo nitakaa upande mmoja na vyumba vingine nipangishe. Si jambo geni kwetu. Nyumba za Magomeni na Buguruni, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani, zimesomesha watoto wengi kwa mtindo huo: mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, wapangaji wanajaza vinavyofuata. Nimekulia humo, upande wa wapangaji.

Nilipanda treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Tulipomaliza mahandaki ya Kilosa, kijani kikaanza kutuaga, ardhi ikawa ya kahawia na mibuyu ikasimama mmoja mmoja. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa anapangisha wanafunzi jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilipomweleza ninachokwenda kutafuta, akaniangalia usoni.

"Mwanangu, usihesabu miezi kumi na miwili. Hesabu tisa. Chuo kikifungwa, wanaondoka na magodoro yao."

Ushauri huo ulinifaa kuliko yote niliyokuwa nimeandika kwenye daftari.

Dalali alinipokea, nikampa hela yake ya kuzungushwa, tukaanzia Ng'hong'hona, mtaa wa wanafunzi. Nyumba ilikuwa na vyumba vitano na ukumbi. Kimoja alikuwa anakaa mzee mwenye nyumba, vinne vina wapangaji. Dalali alimsalimu "Mbukwa!" kwa Kigogo, mimi nikampa shikamoo yangu, akatukaribisha kwenye kigoda.

Kilichonishika pale si bei. Ni karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya mita ya LUKU. Mita ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Kwenye karatasi kulikuwa na majina ya wapangaji, kiasi ambacho kila mmoja amechanga na tarehe, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe. Chini yake ameandika: pasi mara moja kwa wiki, jiko la umeme hapana. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, siku hizi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mzee alikuwa anairudisha kwenye mchango wa umeme ili mpangaji asilipe kodi ya jengo lisilo lake. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimheshimu papo hapo. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga niliokua nikiusikia ulianzia kwenye umeme na maji, na mwenye nyumba anayekaa mbali huusikia ukiwa umeshafika kwa mjumbe. Anayelala chumba cha pili huusikia ukiwa bado ni manung'uniko, akaumaliza kabla ya jioni.

Nilikagua simtank, maana mji huu ni mkavu na siku za mgao ndizo zinazomfanya mpangaji ahame. Nikafungua bomba, nikatazama nyufa, nikaingia chooni. Kisha nikakaa na daftari.

Mzee alitaka milioni 40. Kila chumba kilikuwa kinalipa 50,000 kwa mwezi. Vyumba vinne kwa miezi tisa ya yule mama wa kwenye treni ni 1,800,000 kwa mwaka. Toa asilimia 10 ya kodi ya mapato ya pango, toa vitasa, rangi na kunyonya choo. Mimi mwenyewe nisingenunua, ningepanga chumba na sebule kwa 150,000, ambayo kwa mwaka nayo ni 1,800,000. Yaani chumba ninacholala mimi kingeniokolea sawa na vile vinne vinavyoniingizia. Hapo ndipo faida ya kukaa kwenye nyumba unayopangisha inapoonekana, na wanunuzi wengi hawaiandiki kabisa.

Lakini hata ukijumlisha zote mbili unapata 3,600,000. Riba ya mikopo ya nyumba nchini imekuwa ikizunguka kati ya asilimia 15 na 19. Kwa milioni 40, hata asilimia 15 peke yake ni milioni 6 mwaka wa kwanza, kabla hujagusa deni lenyewe. Vyumba haviwezi kuilisha benki. Wanaonishawishi kwamba wapangaji watanilipia mkopo wanasimulia habari za nchi ambazo riba yake ni nyingine na mkopo wake ni wa miaka 30. Kwetu kodi ya mpangaji inajenga chumba kinachofuata, na ndiyo maana miji yetu imejaa nyumba zenye nondo zilizochomoza.

Nikamwambia dalali anipeleke kwenye boma.

Tulikwenda Ihumwa, jirani na Mtumba, kwa bajaji, upepo na vumbi vikitupiga usoni. Boma lilikuwa na vyumba vinne, nusu imeezekwa, nusu kuta tupu. Bei ilikuwa milioni 16, ambayo akiba yangu na SACCOS vinaifikia. Kiwanja kimepimwa, hati ipo. Nilizitafuta bikoni zote nne nikazishika kwa mkono, nikaenda kwa majirani wa pande mbili kuwauliza mpaka. Wote walionyesha pale pale.

Muuzaji alikuwa peke yake. Nikaomba kuongea na mkewe, maana kwa sheria mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na nimeona familia ikirudi kudai nyumba baada ya mnunuzi kuezeka. Dalali aliona ninachelewesha kazi. Mama alikuja mwenyewe, na mtoto mgongoni.

"Sijakataa kuuza," alisema. "Ila hela ipite benki, na mimi nisaini mbele ya mwanasheria, si hapa barabarani."

Nilikubali palepale. Sharti lake linanilinda mimi kama linavyomlinda yeye.

Dalali alitaka niache hela ya kushikilia. Sikuacha. Nilichukua nakala ya hati, na Jumatatu asubuhi nikaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, nijue kama jina ni la muuzaji kweli na kama hakuna benki inayoidai nyumba. Fundi nilimwachia kazi ya kupiga hesabu ya chumba kimoja, choo na simtank. Mabati ya upande wa pili yatasubiri kodi ya mpangaji wa kwanza.