Alama za Maji Ukutani

Watu wakisikia kwamba umepata kufika Ufaransa, swali lao la kwanza huwa ni habari za Paris. Mimi Paris niliipita tu, nikiwa na sanduku mkononi na usingizi machoni. Safari yangu ilikuwa ya mashambani, tena ya kwenda kwa miguu. Ilikuwa Aprili mwaka 2018. Binti yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Tours, aliniambia, “Baba, ukija safari hii hatutapanda gari. Tutatembea siku tatu kando ya mto.” Nilicheka. Sisi tuliokulia Rufiji tulitembea kwa sababu gari hapakuwa. Sasa mtoto niliyemsomesha ili asitembee ananialika nikatembee kwa kujifurahisha!

Lakini nilikwenda, kwa kuwa nilikuwa na jambo linaloniwasha moyoni. Ndugu zangu walikuwa wamenitumia karatasi ya kuweka sahihi ili mashamba ya marehemu baba yetu kule bondeni apewe mtu mwingine. Karatasi hiyo niliikunja nikaitia katika begi, nikasafiri nayo.

Wafaransa wana njia za miguu ambazo kwa kifupi huziita GR. Alama yake ni mistari miwili iliyolala, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa rangi kwenye mti, jiwe au nguzo. Ukikuta mistari hiyo imekatana kama msalaba uliolala upande, ujue umepotea, rudi. Njia ya kwanza kabisa ilifunguliwa mwaka 1947, kati ya Orléans na Beaugency, kando ya mto huo huo wa Loire. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Mpaka leo wanaozipaka rangi alama hizo ni watu wa kujitolea. Jambo hilo lilinipendeza: mtu usiyemjua amepita mbele yako na kopo la rangi, ili wewe mgeni usipotee.

Siku ya kwanza tulipita katika msitu wa Chinon. Mialoni ilikuwa ndiyo kwanza inachipua, na chini palikuwa na majani makavu ya mwaka uliopita, laini kama mkeka. Jioni tulishuka mjini Chinon, ambako ngome ya kale imekaa juu ya mwamba. Humo, mwaka 1429, msichana wa shamba aitwaye Jeanne d’Arc alikuja kumwona mfalme mtarajiwa na kumwambia ampe jeshi. Binti yangu alinieleza hayo huku akivua viatu na kukanda vidole vyake. Nikamwambia, “Mama, wasichana wenye kichwa kigumu nawafahamu.”

Siku ya pili ndiyo iliyonileta kwenye habari hii. Tulikata katika nchi iitwayo Véron, ulimi wa ardhi ulio kati ya mto Vienne na mto Loire, kabla mito hiyo haijakutana. Ni bonde tupu, tambarare, lenye majani mengi, lililogawanywa kwa safu za miti iliyokatwa vichwa ili ichipue upya. Karibu kila majira ya baridi maji hupanda na kulifunika, kisha huondoka na kuacha rutuba. Katika majani yale niliona ua dogo la zambarau, limeinamisha kichwa, lina madoadoa kama limefumwa. Wafaransa hulipa jina la ndege kanga, kwa ajili ya madoa hayo. Nilipiga magoti nikalitazama kwa muda. Harufu ya udongo ule mbichi ilinipanda puani, na ghafla nikawa mtoto wa miaka saba.

Msomaji, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Sisi Warufiji wa zamani tuliishi bondeni pamoja na mto. Maji yakishuka, wazee walipanda mahindi na mboga katika unyevu ule, kilimo tulichokiita mlau. Walilinda mashamba kutoka katika madungu, vibanda vilivyosimama juu ya miti, ili nguruwe wasimalize mazao, na maji yakija ghafla yapite chini yao. Mwaka 1968 yakaja mafuriko makubwa, na baada yake serikali ikatuhamisha kwenda vijiji vya juu, mahali pakavu. Shule ilikuwa huko, zahanati ilikuwa huko, na mimi bila ya vijiji hivyo nisingesoma. Hilo silikani.

Lakini baba hakuhama moyoni. Kila mwaka alishuka bondeni, akajenga dungu lake, akakaa huko miezi. Mimi nikasoma, nikawa bwana shamba, nikarudi na maneno ya vitabuni. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilipolichukua dungu lake na mpunga wote, alikuja kuniomba nimpe fedha kidogo na siku mbili nimsaidie kujenga tena. Nilimwambia mbele ya watu, “Baba, mtu mwenye akili halali kwenye njia ya maji.” Hakunijibu. Alikunja kanzu yake, akaondoka. Alijenga peke yake. Baada ya miaka mitatu alifariki, na lile neno langu halikupata kuondolewa.

Basi, tukiwa katika bonde lile la Véron, njia yetu iliingia majini. Alama ya mweupe na mwekundu ilionekana juu ya mti ng’ambo, lakini katikati palikuwa na maji yaliyotulia, kama hatua sitini hivi. Binti yangu akaanza kukunja suruali. “Yanafika magotini tu, Baba.” Nilimshika mkono. Niliyatazama maji. Juu yalikuwa yametulia, lakini mahali pamoja vijiti vilikuwa vinakwenda upande, polepole, vyote kwa njia moja. Chini ya pale pana mfereji. Nilikata fimbo ndefu nikapima: hatua ya tatu ikazama yote.

“Nani alikufundisha?” aliniuliza.

Nilitaka kusema nilisoma chuoni. Lakini chuoni hawakunifundisha hilo. Alinifundisha baba, nikiwa nimekaa mabegani mwake.

Tulirudi nyuma. Mkulima mmoja mzee, aliyekuwa akitengeneza ua wa ng’ombe wake, alituonyesha njia ya juu. Binti yangu alimwuliza kama hachoki na maji haya ya kila mwaka. Mzee akainua mabega, akasema maneno ambayo binti yangu alinifasiria hivi: “Wakati wa baridi shamba ni la mto, wakati wa joto ni langu. Hatujagombana bado.” Kisha akaendelea na waya wake.

Jioni tuliuvuka mto Vienne kwa daraja, tukaingia Candes-Saint-Martin, kijiji cha mawe meupe kilichojibana kati ya kilima na maji. Hapo ndipo mito miwili hukutana. Hapo pia ndipo alipofariki Martin, askofu wa Tours, mwaka 397, yule anayesimuliwa kwamba alikata joho lake akampa maskini nusu. Husimuliwa pia kwamba watu wa miji miwili waligombea maiti yake, na watu wa Tours wakaipitisha dirishani usiku, wakaichukua kwa mashua. Binadamu ni yule yule: mzee akiwa hai hatumsikilizi, akifa tunamgombea.

Nyumba za chini karibu na maji zina alama zilizochongwa ukutani, mstari na mwaka. Mstari wa 1856 ulikuwa juu ya kichwa changu. Mwaka huo Loire ilivunja matuta yake sehemu nyingi, ingawa watu walikuwa wakiyajenga na kuyainua tangu karne ya 12. Nilisimama nikauweka mkono wangu chini ya mstari ule. Watu hawa hawakuukana mto wala hawakuukimbia. Waliandika ulipofika, ili mjukuu ajue ajenge wapi na alale wapi. Baba yangu hakuwa na ukuta wa mawe. Alama zake zilikuwa kichwani: mbuyu upi ulifikiwa, mwaka upi, mwezi upi. Mimi nilizifuta kwa sentensi moja.

Siku ya tatu tulipita Montsoreau, ambako kasri la karne ya 15 linajitazama mtoni, tukapanda kwenye mashamba ya mizabibu. Huko Turquant watu wamechimba nyumba ndani ya mwamba mweupe, juu, mbali na maji, na mashamba yao yakaenea chini yao. Tulifika Saumur jua likizama. Miguu ilikuwa imevimba. Usiku ule nilimsimulia binti yangu habari za dungu la babu yake, na yale niliyomwambia. Alinyamaza, kisha akasema, “Sasa ile karatasi?”

Sikuitia sahihi. Niliporudi nyumbani nilishuka bondeni na mdogo wangu, tukamtafuta mzee mmoja aliyelima na baba, atuonyeshe mipaka na miti ya alama. Tuliiandika yote katika daftari. Tangu hapo bwawa kubwa la umeme limejengwa juu ya mto wetu, na mwaka 2024 maji yalijaa tena na kuharibu mashamba ya wengi, yetu yakiwemo. Siwezi kumwambia mtu yeyote alale kule. Lakini mwaka 2024 nao tumeuandika katika daftari, na mbuyu uliofikiwa tumeupaka rangi: mstari mweupe juu, mwekundu chini.