Julai 1976, Tulioishi Chini ya Njia ya Ndege

Wajukuu wangu wakisikia habari za Entebbe huniuliza kama sisi wa Kisumu tuliziona zile ndege. Hatukuona kitu. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 4 Julai 1976, Hercules nne za Israeli zilipita juu ya ziwa gizani, zikatua Entebbe, Uganda, na kuwakomboa mateka zaidi ya 100 wa ndege iliyotekwa nyara. Habari zake sisi tulizisikia redioni.

Kilichotushtua ni kwamba zilipokuwa zikirudi, zilitua Nairobi, zikajazwa mafuta, na majeruhi wakatibiwa huko. Serikali ya Kenya ilikana kushiriki. Baadaye ndipo lilipotajwa jina la Bruce McKenzie, aliyekuwa waziri wa kilimo na rubani wa Vita vya Pili vya Dunia, kuwa ndiye aliyesaidia kuwafungulia Waisraeli mlango wa Kenya. Mwaka 1978 alikufa kwa bomu lililotegwa ndani ya ndege.

Wengi mjini walishangilia, na haikuwa ajabu. Mwezi Februari 1976 Idi Amin, rais wa Uganda, alikuwa amedai magharibi yote ya Kenya kuwa ni Uganda, Kisumu ikiwemo. Lakini furaha haikumaliza wiki. Huku kwetu ni nyumba chache zilizokosa mtu ng'ambo, Uganda: mfanyakazi wa reli, mwalimu, kibarua wa mashamba ya miwa. Afrika Mashariki ilikuwa bado na reli moja na posta moja. Kwa kulipiza kisasi, Amin akawageukia Wakenya hao. Mamia wakauawa, na maelfu wakakimbilia Busia, mpakani. Binamu yangu, fundi wa Jinja, alifika nyumbani na nguo alizovaa tu. Mwenzake aliyelala naye chumba kimoja hakuonekana tena.

Marekani nayo ilituma ndege ya doria Nairobi na manowari Mombasa, ili Amin ajue Kenya haiko peke yake. Kenya ikabana mafuta yaliyokwenda Uganda, na mwezi Agosti serikali mbili zikapatana.

Sisemi mateka wangeachwa wafe. Lakini waliokubaliana kuhusu anga na mafuta ya ndege walijua Amin ni mtu wa namna gani, na walijua Wakenya wangapi walikuwa mikononi mwake. Siri ililindwa vizuri mno. Baada ya ndege kuondoka Nairobi haikuwa siri tena, na hata hapo hakuna aliyewaambia watu wetu wafungashe.