Hoteli Magongo? Kwanza Maji na Baraza

Wengi wetu huijua Magongo kupitia dirisha la teksi. Ndege imetua, mizigo imepakiwa, na dereva anakimbilia daraja la Makupa ili mgeni awahi ufuoni. Jumapili hii, msomaji, teremka njiani.

Jina lisikutishe, hakuna anayekungoja na gongo. Utakuta matrela ya bandarini, maduka ya saruji na mabati, nyumba za kupangisha zilizobanana, na vijana wanaosukuma mikokoteni ya mitungi ya maji. Asubuhi vichochoro vyanukia mahamri. Ukiuliza hoteli iko wapi, utaonyeshwa pa kula mbaazi za nazi, si pa kulala.

Tuseme basi tajiri amepata kiwanja hapa na ataka kujenga hoteli ya kulala, karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi. Si wazo baya hata kidogo. Abiria wa ndege ya alfajiri ahitaji kitanda cha karibu. Swali ni, aijenge vipi?

Kimo cha jengo hakiamui peke yake. Karibu na uwanja wa ndege, wakuu wa usafiri wa anga sharti wakubali kwanza. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo yataka athari zichunguzwe na majirani wasikizwe. Hapo ndipo wengi huteleza: tangazo dogo gazetini, kikao kimoja cha haraka, kisha ukuta.

Mimi ningeanza na maji. Mombasa hunywa maji ya chemchemi za Mzima tangu miaka ya 1950, na mji umekua mno kuliko bomba lake. Vyumba 60 vyenye bafu, na mashuka ya kufuliwa kila siku, vitavuta maji yale yale ambayo mama wa kichochoro cha pili anayangoja usiku kucha. Mwenye hoteli na avune mvua ya masika kwa matangi, asafishe maji machafu anyweshee bustani. Akichimba kisima, aache mfereji mmoja nje ya ukuta.

Au asijenge ukuta. Nyumba ya Mswahili ina baraza mbele, mwenyeji na mpita njia wakaamkuana. Kwa nini hoteli isiwe nayo, na maduka chini, na muuza mahamri akaachiwa pembe yake? Milango na viti havina haja ya kuletwa kwa meli. Hapo jirani, barabara ya Port Reitz, chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kimekuwapo tangu 1963. Wengi wao sasa huchonga mwarobaini, maana mpingo umeadimika.

Pa kujifunzia pako. Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba kongwe ya Mambo Msiige iligeuzwa hoteli, ikafunguliwa 2015. UNESCO ililalamikia jengo jipya lililoongezwa ubavuni, kwamba ni kubwa kupita makubaliano. Malalamiko yalikuja, zege nalo likapanda. Ghorofa ikishasimama, nani ataipunguza?

Ukienda Magongo, kaa kidogo kwenye benchi la muuza mahamri. Ndege ikipita juu mazungumzo hukatika, kisha huendelea palepale yalipoachwa. Madirisha ya hoteli hiyo yatataka vioo vinene.