Picha ya Wawili na Kimya cha Jirani

Mhakiki anayetafuta maisha ya zamani ya wapenzi wa jinsia moja katika pwani ya Kenya huikuta sheria kabla ya kuwakuta watu. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vyenye asili katika utawala wa kikoloni, viliachwa na Mahakama Kuu visimame Mei 2019. Vifungu hivyo hutaja tendo tu. Havisemi nani aliazimana chungu na jirani, wala nani aliitwa arusini. Pengo hilo ndilo linaloipa kazi picha ya studio.

Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, aliwapiga picha watu wa Lamu kwa miongo kadhaa; Mombasa palikuwa na studio ya N. V. Parekh. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, picha ya namna hiyo katika nyumba moja ya Chara, kwenye delta ya Mto Tana: vijana wawili waliosafiri hadi Lamu, kanzu zimepigwa pasi, mkono wa mmoja begani mwa mwenziwe. Mkwe mgeni huuliza, “Huyu wa pili ni nani?” Hujibiwa, “Rafiki yake babu.”

Msomaji wa picha hiyo hukabiliwa na makosa mawili. La kwanza ni kuwabandika wawili hao jina la leo. La pili, ambalo huonekana kama adabu, ni kuongeza neno “tu” baada ya “rafiki”. Lugha yenyewe haikuwa na haraka hivyo. Neno shoga, ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenziwe wa karibu, lilitumika Mombasa pia kwa mwanamume apendaye wanaume. Na Gill Shepherd, katika utafiti wake uliochapishwa 1987, alionyesha kwamba wanaume hao walijulikana mitaani mwao na walikuwa na nafasi katika arusi, upande wa wanawake.

Kimya cha jirani, kwa hiyo, si lazima kiwe ujinga. Huenda kilikuwa sitara. Lakini sitara hufa na aliyeitunza: mzee akizikwa, nyumba hufagiliwa, na picha isiyo na maelezo hutupwa. Kazi ya mwanzo ya uhakiki si kuamua wawili hao walikuwa nani. Ni kuwaomba wazee majina yote mawili, kuyahifadhi, na kutoyachapa maadamu sheria ile ingali hai.