Anayesema "Nachanganya Njia", Tumuulize Nini?

Sisi mafundi cherehani mtu akijisifu kuwa anajua kushona kila kitu, tunaomba kuona mshono wa ndani. Kwa nje nguo inaweza kupendeza, ukaigeuza ukakuta nyuzi zinaning'inia.

Hapa kwetu Kileo, mtoto wa dada yetu ana usonji. Ana miaka sita na bado hasemi. Kumpeleka Moshi ni nauli na siku nzima bila kazi, kwa hiyo tukisikia mtu karibu anasema "nachanganya njia zote", tunafurahi haraka. Mwaka jana mmoja alituambia hivyo. Tulipomuuliza kila njia alijifunza wapi, ikawa ni semina moja ya siku mbili kwa zote.

Kuchanganya si kosa, maana mtoto mmoja huwa na mahitaji mengi. Ila kila njia ina elimu yake. PECS, iliyoanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost mwaka 1985, humfundisha mtoto kukabidhi picha ya anachokitaka, kwa hatua sita zinazofuatana. TEACCH, iliyotoka Chuo Kikuu cha North Carolina, hupanga chumba na ratiba ili mtoto aone kinachofuata. Mtoto anayeziba masikio, au asiyestahimili lebo ya nguo shingoni, anamhitaji mtoa tiba kwa vitendo. Hao husomea KCMC, Moshi. Walimu wa elimu maalumu husomea Patandi, Arusha. Cheti cha mmoja hakimfanyi kuwa mwingine.

Basi tuulize maswali manne:

Kila njia uliisomea wapi, na kwa muda gani?

Nani alikusimamia ulipoanza kuitumia kwa mtoto?

Kwa nini umechagua hizi kwa mtoto wetu?

Baada ya miezi mitatu tutajuaje kama zinamsaidia, na unaandika wapi?

Mtaalamu tuliye naye sasa alijibu matatu vizuri. Kuhusu picha akasema, "Hiyo sijaisomea, nitawaelekeza kwa anayeijua." Hapo ndipo tulipomwamini.

Tumelelewa kumheshimu msomi, na tuendelee. Lakini mtoto ni amana, naye hawezi kujiulizia mwenyewe. Kitambaa kikikatwa vibaya tunanunua kingine. Miaka ya mtoto hairudi. Tuulize kwa adabu, kabla hatujalipa.