Garissa Lodge: Hapa ndipo vitanda vilipogeuka maduka

Msomaji, hebu tupa jicho sebuleni mwako. Litazame lile pazia la dirishani, zulia unalokanyagia, na viatu vya mtoto vya kuvaliwa sikukuu. Ukimwuliza mama vilitoka wapi, yamkini atakujibu kwa neno moja tu: Isili. Ndivyo wengi wetu tunavyolitamka jina la mtaa wa Eastleigh. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaojua kwamba soko hilo kubwa lilichipuka kutoka nyumba moja ya kulala wageni? Jumapili hii nakualika tufunge safari pamoja ili ujionee.

Panda matatu nambari 6 au 9 kutoka katikati ya jiji. Eastleigh iko kilomita chache tu upande wa mashariki, ingawa msongamano wa magari waweza kukurefushia safari. Utajua umefika utakapoona mikokoteni ikishindana na magari, na mahamali wakipita na marobota mabegani huku wakipaza sauti, "Kando! Kando!" Harufu ya uvumba itakupokea, na ile ya chai ya viungo. Ukiinua macho utaona majumba ya maduka yamesongamana, ghorofa juu ya ghorofa, kila ukuta umeningʼinizwa nguo.

Mtaa huu haukujengwa uwe soko. Ulianzishwa mwaka wa 1921, enzi za ukoloni, na kwa miaka mingi wenye nyumba wengi walikuwa Wahindi, ingawa familia za Kisomali zimekuwepo tangu siku hizo za mwanzo. Kando yake palikuwa na uwanja wa ndege uliotumikia Nairobi kabla ya ule wa Embakasi kufunguliwa mwaka wa 1958. Leo uwanja huo wa zamani ni kambi ya wanahewa. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, Wahindi wengi walihamia Parklands na kwingineko, na nyumba zao zikapata wenyewe wapya. Mabasi ya kwenda Kaskazini Mashariki nayo yalikuwa yakianzia na kuishia papa hapa. Msafiri aliyeteremka na vumbi la njiani alihitaji mahali pa kulaza ubavu, na hivyo pakawa na nyumba za wageni. Moja ilichukua jina la mji ule ulio kando ya mto Tana, ikaitwa Garissa Lodge.

Kisha, Januari 1991, serikali ya Siad Barre ikaanguka nchini Somalia, na vita vikatapakaa. Maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Kenya. Wengi walipelekwa katika kambi za Dadaab. Wengine, hasa waliokuwa na jamaa mjini au waliozoea biashara, walikuja Eastleigh wakapanga vyumba katika Garissa Lodge.

Hebu jiweke katika hali yao, msomaji. Umepoteza nyumba na duka, na pengine ndugu pia. Huna kazi, na kuipata si rahisi. Ulicho nacho ni chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimoja na bidhaa chache. Ungefanya nini? Wao walizitandaza bidhaa juu ya kitanda kulipokucha, na usiku walizisukuma uvunguni wakalala. Mteja alibisha hodi kama mgeni, akaingia chumbani mwa watu, akachagua shati juu ya godoro.

Habari za bei zao zilienea upesi. Haikupita muda kabla ya kutambulika kwamba kitanda kinakula nafasi ya mali. Mapema miaka ya 1990 vitanda vilitolewa, vyumba vikagawanywa kuwa vijiduka, na nyumba ya kulala wageni ikageuka jumba la maduka. Hapakuwa na ngazi za umeme wala maegesho ya magari. Kulikuwa na ujia mwembamba, watu wakipishana kwa mabega.

Bei iliwezaje kuwa chini kiasi hicho? Kwanza, bidhaa nyingi zilitoka Dubai, na wafanyabiashara hawa walikuwa na jamaa huko wa kuwanunulia na kuwatumia mzigo. Pili, mwaka wa 1993 serikali ya Kenya ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa na ya fedha za kigeni, na mlango ukawa wazi kuliko awali. Tatu, wenyewe waliridhika na faida ndogo kwa kila kipande, mradi vipande viuzwe vingi.

Sababu ya nne, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni uaminifu. Mgeni asiye na hati wala rehani hakopeshwi na benki. Hivyo mtaji ulichangwa na jamaa, au ulipatikana kwa mchezo wa kupokezana fedha, ule ambao akina mama wetu huufanya katika vyama vyao. Mwenye duka la jumla alimpa mwenye kijiduka mzigo kwanza, akalipwa baada ya kuuza. Fedha zilisafiri kwa hawala: unamkabidhi mtu hapa, na jamaa yako anazipokea ngʼambo kwa sababu watu wawili wanaaminiana. Aliyevunja ahadi alijifungia milango yote.

Zipo fununu, na bila shaka umezisikia, kwamba majumba ya Eastleigh yalijengwa kwa fedha za maharamia wa baharini. Sisemi kwamba kila robota lililoingia mtaani lililipiwa ushuru. Lakini hesabu ya miaka haiungi mkono fununu hizo. Vitanda viliondolewa Garissa Lodge zaidi ya miaka 10 kabla ya uharamia kushamiri katika pwani ya Somalia.

Wenye nyumba wengine walipoona mambo ya Garissa Lodge, nao waliiga. Likaja jumba la Amal Plaza, na mengine mengi baada yake. Kijiduka kikawa dhahabu, hata mpangaji akadaiwa kilemba kinono kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Wanunuzi wakaanza kufika kutoka Uganda, Tanzania, Rwanda na Kongo. Na usidhani ni neema ya Wasomali peke yao. Watu wa Meru huleta miraa, na vijana wa kila kabila huchuuza, hubeba mizigo na kuajiriwa madukani. Majumba ya namna hii utayakuta hata Minneapolis kule Marekani na Mayfair jijini Johannesburg, yaliyojaa vijiduka vya Wasomali waliotawanyika duniani.

Hata hivyo, safari yetu haitakuwa ya kweli nikikuficha machungu. Kwa miaka mingi barabara kuu ya mtaa huu ilikuwa matope na maji machafu, ilhali biashara iliyofanyika pembeni yake ilikuwa kubwa. Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu mtaani humu na kuua abiria. Siku iliyofuata makundi ya vijana yaliwavamia Wasomali, yakawapiga na kuvunja maduka yao. Aprili 2014, katika operesheni ya usalama, maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwamo Wakenya halisi. Kwa muda majumba yalipooza. Tulioyazoea tuligundua jinsi jiji zima linavyoutegemea mtaa ambao hulisemwa vibaya hadharani na kuununulia faraghani.

Ukitaka kwenda, basi nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na ujia haujajaa. Ijumaa adhuhuri wengi hufunga kwa sala, hivyo usiende kugonga mlango. Ukitajiwa bei, tabasamu, nawe utaje yako. Kupatana si ugomvi. Usinunue katika duka la kwanza, panda na ghorofa za juu. Mkoba uushike vizuri, kama ambavyo ungefanya kwenye soko lolote la Nairobi.

Na ukiandamana na watoto, waonyeshe zaidi ya nguo. Waambie kwamba majumba haya hayakuanza kwa mkopo mkubwa wala kwa mjomba serikalini. Yalianza kwa mtu aliyekuwa amepoteza karibu kila kitu, akakitazama kitanda chake na kuona duka. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Utakaporudi nyumbani na kulivuta tena lile pazia lako, jiulize ni mara ngapi umempa mgeni huyo fedha zako lakini ukamnyima salamu.